Benzi iliyokataa kuzimika Kigongo, siku ya harusi ya dada yangu

Wakuu heshima kwenu, na wale mlionitangulia kuliona jua, shikamooni.

Jana nimesoma uzi wa vijana wanaobishana kuhusu magari ya Kijerumani. Huyu anasema skrini yake kubwa, yule anasema lake linafika mia kabla hujamaliza kupiga chafya. Nikafika ukurasa wa nne, nikaanza kucheka peke yangu sebuleni mpaka wife akauliza kuna nini.

Nikasema ngoja niwape kisa changu. Chumvi sitaongeza hata punje, maana dada yangu mhusika naye ni member humu, na nikidanganya atanianika hapa hapa.

Ilikuwa miaka ya tisini, Mwanza. Zama za ruksa. Wenye umri wanakumbuka jinsi mji ulivyochangamka ghafla. Viwanda vya minofu ya sangara vinafunguliwa kando ya ziwa, mitumba kila kona, na magari tuliyozoea kuwaona nayo mabosi wa serikali yakaanza kuendeshwa na watu tunaosali nao. Upande mwingine vyama vya ushirika vya pamba vilikuwa hoi, na watu wengi walikuwa wanapunguzwa kazi.

Mimi nilikuwa fundi magari Butimba. Gereji yetu ilikuwa uwanja wenye uzio wa mabati, basi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mkono mzuri kwenye pikapu za Kijapani za petroli, na mdomo usiojua kupumzika.

Mteja wetu mkubwa alikuwa Mzee Ngassa, mfanyabiashara wa pamba. Yeye alinunua kwenye mnada Benzi ya dizeli, nyeupe ya maziwa, gia otomatiki.

Wakuu, ile gari niliipenda. Siwezi kuficha.

Kwanza ule mlango. Huubamizi. Unausukuma kidogo tu, unajifunga wenyewe kwa sauti moja nzito, tup, na kelele zote za mji zinabaki nje. Injini inagonga taratibu kama mama anayetwanga huku hana safari. Halafu kule mbele kabisa, juu ya boneti, ile nyota yenye ncha tatu. Ukikaa kwenye usukani unaiona inakuongoza, na unajikuta umenyoosha mgongo bila kuambiwa.

Historia yake nilipewa na aliyenifundisha ufundi, Mzee Kulwa, ambaye ujanani alifanya kazi kwenye karakana ya misheni chini ya bruda Mjerumani. Alisema kule Ujerumani walikuwepo mafundi wawili, kila mtu na karakana yake, kila mtu anahangaika kutengeneza gari lake. Kampuni zao zilikuja kuungana baadaye sana. Ile nyota ncha zake tatu maana yake ni nchi kavu, majini na angani, kwamba injini zao zitatembea kote huko.

Lakini stori niliyoipenda zaidi ni ya mke wa mmoja wao. Mumewe alikuwa ameunda gari na anaogopa kulitoa barabarani. Yule mama akaamka asubuhi na mapema, akapakia wanawe wawili, akaondoka bila kuaga, anakwenda kumsalimia mama yake mzazi mji mwingine. Mafuta yakamwishia njiani, akayanunua kwenye duka la dawa. Mrija ukaziba, akauzibua kwa pini ya kofia yake. Waya ukachunika, akauviringishia mkanda wa soksi yake. Akafika. Ndipo dunia ikajua kwamba gari ni kitu cha kusafiria.

Tusitoke nje ya mada. Twende kwenye harusi.

Dada yangu Kabula alichumbiwa na kijana wa Sengerema, na ndoa ikapangwa kufungwa kwenye parokia ya kule kwa bwana harusi. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Wakatoliki mmenielewa. Ukiikosa siku hiyo, unakaa Kwaresima nzima unasubiri Pasaka ipite. Na padri alishasema mapema: saa sita mchana anaondoka kwenda kigangoni, hangoji mtu.

Baba alikuwa amepata pikapu ya jirani, nzima, na dereva wake. Mimi nikakataa katakata. Nikasema mbele ya ukoo mzima, "Dada yangu haendi kanisani kama gunia la dagaa."

Nikaenda kumwangukia Mzee Ngassa. Mzee wa watu akakubali, tena akajaza tenki la dizeli mpaka juu, akasema hiyo ndiyo zawadi yake kwa bibi harusi.

Ijumaa nikaiosha hiyo Benzi kama mtoto mchanga. Sikuishia nje. Nikafungua boneti nikaosha na injini, kila chuma, kwa sabuni na brashi. Hapo ndipo nilipoharibu. Kulikuwa na kamrija kembamba keusi, kakavu kwa uzee. Brashi ikakagusa, kakakatika.

Sikujua kazi yake. Ukweli ndio huo. Mzee Kulwa alikuwa mita mia kutoka pale, ningeweza kwenda kumuuliza. Lakini nilikuwa nimeshajitangaza kwa mji mzima kwamba mimi ni fundi wa Benzi, sasa nitauliza vipi? Nikachukua kipande cha tyubu ya baiskeli, nikakafunga kiraka. Nikawasha, ikawaka. Nikazima, ikazima. Nikajipongeza.

Jumamosi asubuhi tukaondoka Butimba. Kabula nyuma na gauni lake limejaa siti nzima, Shangazi pembeni yake kama msimamizi, mimi kwenye usukani na tai ya kuazima. Ndugu wengine walishatangulia na ile ile pikapu. Tukapita Buhongwa watu wanapunga mikono.

Njia nzima nawahadithia historia ya Benzi. Nilipofika kwa yule mama wa Kijerumani, Shangazi akauliza:

"Na huyo mume wakati huo alikuwa wapi?"

"Amelala."

"Kawaida yao," akasema, akarudi kutazama dirishani.

Barabara ya kwenda Kigongo enzi zile mnaijua. Vumbi, matuta kama ubao wa kufulia. Tukafika kivukoni kama saa nne na nusu. Kivuko kipo, kinapakia, nafasi imebaki ya gari moja. Nikasema Mungu ni wa kwetu.

Mhudumu wa kivuko akanyoosha mkono. Utaratibu wa pale ulikuwa mmoja: dereva unazima gari kwanza, abiria wanashuka na kutembea kwa miguu, ndipo unaitwa kupanda.

Kabula na Shangazi wakashuka. Nikageuza funguo. Nikaichomoa.

Injini inaendelea kugonga. Taratibu tu, haina habari na mtu.

"Kaka, zima gari," mhudumu akasema.

"Nimezima."

"Mbona linanguruma?"

Nikamwonyesha funguo. Akaiangalia, akaliangalia gari, akaniangalia mimi.

"Sasa kama funguo unayo mkononi, aliyeliwasha ni nani?"

Kigongo nzima ikacheka. Nikarudisha funguo, nikageuza mbele, nikageuza nyuma. Wapi. Ingekuwa ya gia za mkono ningeweka gia kubwa nikaachia klachi ifie palepale. Hii otomatiki. Nikafungua boneti, nikaona kiraka changu kimechomoka kwa joto na matuta, kinaning'inia. Nikajaribu kukirudisha, mafuta yamelowesha kila kitu, hakishiki. Vidole vikaungua. Na bado sikuwa naelewa kamrija kale kanahusiana vipi na kuzima.

Watu wa pale nao hawakosi ushauri. Mmoja anasema mwaga maji. Mwingine anasema ngoja dizeli iishe. Tenki limejaa mpaka juu, wakuu, ingeisha Jumatatu.

Nikamwomba mhudumu anikubalie nipande hivyo hivyo.

"Ndugu yangu, mle ndani kuna madumu ya petroli na watu. Sipakii gari linalowaka. Nahodha akipiga honi ya pili naondoka, wewe utangoja kirudi."

Kirudi lini? Kivushe watu hadi Busisi ng'ambo, kipakie upande ule, ndipo kije. Halafu kutoka Busisi hadi Sengerema bado kuna mwendo. Saa sita ingetukuta majini.

Shangazi alikuwa amemkinga Kabula jua kwa kanga. Akaniambia bila kupaza sauti:

"Gunia la dagaa lingekuwa limeshavuka."

Kabula akanisogelea, akajaribu kunitania kama kawaida yake. "Kaka, na hiyo ncha ya majini?" Akacheka, halafu kicheko kikakatika katikati, nikaona machozi yanaharibu ile poda. Niwaambieni kweli, niliumia. Siku yake moja, na mimi ndiye niliyeiharibu kwa sababu ya sifa.

Ndipo akaja mama mmoja anayekaanga samaki pale karibu na geti. Mama Letisia. Anafuta mikono kwenye kitenge.

"Mwangaluka," akatusalimia Kisukuma. Kisha kwa mhudumu, "Mwambie nahodha angoje kidogo." Kisha kwangu, "Sogea, baba."

Wanaume wakaanza kumtania, mama samaki zako zinaungua. Hata hakugeuka. Akakunja kitenge mkononi kujikinga na joto, akaingiza mkono kwenye injini, akasukuma kitu.

Kimya.

Nilisikia mawimbi ya ziwa kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Njoo uone," akaniambia. Kilikuwa kijichuma kifupi, na juu yake kimeandikwa STOP. Jana yake nilikuwa nimekiosha kwa sabuni.

Akanieleza pale pale, kwa ufupi. Injini ya namna ile haizimwi na umeme. Ukigeuza funguo, hewa inavutwa kupitia kale kamrija, na mvuto huo ndio unaokata dizeli. Mrija ukivuja, funguo ni pambo tu. Mumewe alikuwa dereva wa meneja wa chama cha pamba hadi alipopunguzwa kazi, na Benzi ya meneja, ya namna ile ile, mrija wake ulikuwa umechoka miaka mingi, spea hakuna. Dereva hatakiwi kuonekana anafungua boneti mbele ya wageni. Kwa hiyo kila wakirudi yadi, walikokuwa wanaishi, ni yeye mama aliyekuwa anatoka jikoni kwenda kulizima.

Kabula akafuta macho. "Mama, twende wote. Kanisani atalizima nani?"

"Kaka yako ameshaona."

"Kaka yangu na jana aliona. Akakiosha."

Mama Letisia akacheka mpaka akashika kiuno. Akamwachia mwenzake kikaango, akavaa kitenge kingine juu ya kile cha kazi, tukavuka naye.

Busisi nikaliwasha, akaketi nyuma, katikati ya Shangazi na lile gauni. Tulikwenda kama kilomita nzima ameinamisha kichwa. Anapapasa siti kwa kiganja, polepole. Nikamwuliza kama yuko salama.

"Niko salama, baba," akasema. "Miaka yote ile nimelizima. Leo ndiyo nimeketi."

Kabula akamshika mkono, hakumwachia hadi Sengerema.

Tulifika padri ameshavaa helmeti ya pikipiki. Alipotuona akaivua. Kwaya ikaanza, vigelegele, na Benzi nayo inagonga pale pale mlangoni kama imo kwenye kwaya. Mama Letisia akashuka wa kwanza, nikamfungulia boneti mbele ya umati wote, akaingiza mkono, ikanyamaza. Wakampigia makofi kabla hawajampigia bibi harusi.

Jioni ya Jumapili nilimrudishia Mzee Ngassa gari lake na kumweleza kila kitu, brashi, kiraka na uongo wangu. Akasema, "Tafuta mrija mpya. Na kamtafute mume wa huyo mama."

Nilimtafuta. Miezi mingi nilikuwa naenda Kigongo siku za mapumziko, nakaa naye pembeni ya kikaango, ananifundisha dizeli, na mkewe anamsahihisha. Benzi zimenisomeshea watoto hadi leo.

Somo langu, vijana wangu mnaobishana kuhusu skrini: gari halijawahi kunitia aibu. Aibu niliitengeneza mwenyewe, Ijumaa ile, kwa kuogopa kutembea mita mia kwenda kuuliza.

Picha ya harusi ipo kwa Kabula sebuleni. Maharusi wako mbele, tai yangu ya kuazima imepinda, na katikati kabisa, na kitenge chake, yuko Mama Letisia, ameinua mkono kuishika ile nyota. Kila mgeni anauliza mbona boneti iko wazi. Kabula anawaambia hivi, "Kaeni kwanza, niwaletee chai."

Haya, nanyi semeni. Nani humu amewahi kupanda kivuko cha Kigongo enzi zile? Na nani alishaokolewa na mtu ambaye hakumtegemea kabisa? Kabula dada, kama nimekosea mahali, nirekebishe. Ila ile ya gunia la dagaa tuiache.