Safari Fupi Mno Kutoka Taipei

Katika kijiji anachoishi Sutarmi, huko Tulungagung, wanawake wanajua mwendo wa ndege kama wanavyojua bei ya pilipili. Kutoka Taipei hadi uwanja wa ndege wa mji wa Surabaya ni mwendo wa saa tano na ushei angani, kisha saa tatu za gari hadi nyumbani. Wengi wao hawajapanda ndege hata siku moja, lakini mabinti zao wako ng'ambo wanalea wazee wa watu, na mama mwenye mtoto hewani hana raha mpaka asikie ametua.

Ndiyo maana alfajiri ile, binti yake Wiwin alipopiga simu kusema yuko Taipei anaingia kwenye ndege, Sutarmi alipiga hesabu huku akitwanga karanga za mchuzi wa mboga anazouza. Adhuhuri atatua, alasiri yuko nyumbani. Lakini mboga za asubuhi zilikuwa hazijaisha na Wiwin huyo, anashuka garini na begi lake.

Sutarmi alimkumbatia, kisha akamsogeza kidogo amtazame vizuri. Furaha ilianza kumtoka.

"Umefika upesi."

"Upepo ulikuwa nyuma yetu, Mama."

Mama Lastri, jirani aliyefanya kazi Taipei miaka mingi, alikuwa anakula hapo; aliacha kutafuna. "Upepo gani huo, mwanangu? Mbona mimi haukunipitia? Au siku hizi ndege nazo zina njia za panya?"

Wiwin alicheka kicheko cha kulazimisha. Sutarmi alimfungia jirani chakula chake kwenye jani, akamwambia akakimalizie kwake. Alimpenda Lastri, ila mdomo wake alikuwa anaujua.

Walipobaki wawili, akaanza.

"Ndegeni wamekulisha nini?"

"Wali na kuku."

"Masikio yaliziba?"

"Kidogo."

"Lipi?"

Wiwin aliketi juu ya begi. "Niko Surabaya tangu mwaka jana, Mama. Bibi niliyekuwa namlea alifariki, wakanirudisha. Na wewe ulishamtangazia kila mtu kwamba mkataba wangu bado mrefu. Niliona aibu. Nafua mashuka hotelini."

Sutarmi alishikwa na hasira. Uongo wa ndege angeumeza. Kilichomkaba ni kingine.

"Nilipopasuliwa mtoto wa jicho hukohuko Surabaya, nilikupigia. Ukalia, ukasema Taipei ni mbali. Nikalala hospitali peke yangu kama tasa."

"Nilikuja."

"Usinidanganye mara ya pili."

"Nilikuja, Mama. Jicho moja lilikuwa na bandeji, na hilo jingine lilikuwa bado na ukungu. Nilikupa maji."

"Nilivaa nini?"

"Blauzi ya kijani. Uliivaa nje ndani, mishono inaonekana. Ulikunywa nusu, ukanishika mkono, ukasema, 'Asante, nesi. Binti yangu yuko mbali, angekuwepo angekushukuru mwenyewe.'"

Maneno hayo Sutarmi hakuwahi kumsimulia mtu. Aliukumbuka mkono ule, ulivyokuwa wa baridi na ulivyochelewa kumwachia.

"Ungesema hata neno moja," alisema.

"Ungeijua sauti yangu."

Sutarmi akaketi chini, karibu na begi.

"Ningeijua," alisema.