Mtamba wa Jirani na Majani Yangu ya Maziwa

Mwaka tuliorudi Karuba kutoka kambini Kitshanga, tulikokimbilia vita, maboga yangu yalikataa kuzaa. Maua yalitoka mengi, ya manjano, makubwa kama kiganja, na chini ya kila ua jike kulikuwa na kiboga kidogo cha kijani. Baada ya siku nne au tano kile kiboga kiligeuka njano, kikalainika, kikaanguka. Nilidhani ni udongo. Nikabeba samadi ya ng'ombe kwa karai mpaka kiuno kikaniuma. Viboga vikaendelea kuanguka.

Asubuhi moja, kabla ya kushuka shuleni ninakofundisha, nilikaa juu ya jiwe katikati ya shamba nikayatazama yale maua tangu yalipofunguka mpaka kengele ilipolia kule chini. Sikuona nyuki hata mmoja. Nzi wawili tu, basi. Hapo nikaelewa. Wakati tuko mbali, ua wa miti uliozunguka nyumba ulikatwa kuni, vichaka vya bondeni vikachomwa makaa, na mizinga ya marehemu baba mkwe tulikuta imepasuliwa. Vilima vyetu ni vya kijani, ni kweli, na kila anayepita barabarani anavisifu. Lakini ni nyasi tu, nyasi za ng'ombe, toka mgongo huu wa mlima mpaka ule. Nyuki hali nyasi.

Mimi nilizaliwa upande wa Nyabiondo, kwa watu wa maharagwe na mihogo, nikaja Karuba kwa ndoa. Kwetu, kando ya njia ya kwenda kisimani, kulikuwa na mmea mwembamba ulionifika kifuani, wenye maua madogo meupe yanayoning'inia kwa mashada. Ukivunja jani lake linatoa utomvu mweupe, na sisi watoto tuliuita tu majani ya maziwa. Tunda lake ni kama puto lenye vinyweleo laini. Likikauka linapasuka, na mbegu zinaruka kila moja na nyuzi zake nyeupe kama hariri. Nilikumbuka jambo moja zaidi: tulikuwa hatupiti karibu sana na mmea ule, kwa sababu ulikuwa unanguruma kwa nyuki.

Kwa hiyo nilipokwenda Nyabiondo kwa msiba wa shangazi, nilirudi na mbegu nimezifunga kwenye pembe ya kitenge. Nilikuja nimezishika kifuani juu ya pikipiki, matope yakinirukia mpaka kwenye nywele.

Kupanda kwenyewe kulinitesa. Mbegu za kwanza zilisombwa na mvua ya mawe. Za pili nilizificha kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya kopo, chini ya kitanda, na zilipoota nikazihamishia nyuma ya nyumba, mche mmoja mmoja, kwa kijiko, nikazungushia ua mpya wa miti. Pembeni nikapanda maua mengine ya porini niliyoyakuta makorongoni. Mama mkwe alikuwa anapita na fimbo yake, anasimama, anacheka. Mume wangu anafanya kazi ya ujenzi Goma na kurudi kwake ni kwa nadra, kwa hiyo pale nyumbani tulikuwa watu wazima wawili tu, mimi na yeye.

"Mutoto wangu," aliniambia siku moja, "bantu bote banalima chakula. We unalima majani?"

"Ni ya nyuki, Mama."

"Nyuki zenyewe njo zilikuomba?"

Nilicheka naye. Ni mwanamke aliyenibebea mtoto wangu mgongoni tulipokimbia, mimi nikiwa na homa. Sikuwa na sababu ya kumkasirikia.

Miche ilipofika magotini walikuja viwavi. Walikuwa na mistari myeupe, myeusi na njano, na vipembe vyeusi mgongoni, wakitafuna majani mbele ya macho yangu. Niliwakamata mmoja mmoja nikawaponda kwa jiwe. Siku tatu niliponda, mikono ikinuka. Wiki mbili baadaye nilikuta kwenye mti wa ua kitu kama kidonge cha kijani chenye nukta za dhahabu, na siku kadhaa baadaye kilikuwa kitupu, na kipepeo wa rangi ya chungwa alikuwa anakausha mabawa hapo juu yake. Tangu utotoni nilimjua kipepeo yule, alikuwa wa pale pale kisimani, lakini sikuwahi kujua anatoka kwa viwavi wale wale niliowaponda. Mimi Madamu, ninayefundisha watoto kwamba kipepeo anaanza akiwa kiwavi, nikiwachorea kwa chaki ubaoni! Nilijisikia mjinga kiasi kwamba siku ile niliruka somo lile nikafundisha hesabu.

Hata hivyo mimea ilistahimili. Ilichanua mwanzo wa mvua, na nyuki wakaja. Si wengi, lakini niliwasikia kabla ya kuwaona. Nilisimama na kikombe cha chai mkononi mpaka chai ikapoa. Msimu ule maboga manne yalishika. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya nyuki, lakini manne ni manne.

Kisha ikafika zamu yetu ya kupokea akina mama wa kikundi cha maombi. Walikuwa waje Jumapili. Ijumaa nilikuwa shuleni mpaka alasiri, na niliporudi nilimkuta mama mkwe ameketi mlangoni, jembe na panga kando yake, uso unang'aa kwa jasho na furaha.

"Nimekusafishia," alisema. "Nenda angalia kule nyuma."

Nilikwenda. Udongo ulikuwa mtupu, umefagiliwa, unapendeza kama kiwanja cha kanisa. Kati ya mimea thelathini na kitu ilibaki sita, na hiyo sita ilibaki kwa sababu ilikuwa nyuma ya choo, hakufika.

"Mama," nikasema. "Umekata yote?"

"Bamama batakuja kesho kutwa. Bakute pori nyuma ya nyumba ya Madamu? Basema nini?"

"Nilikuambia ni ya nyuki."

"Aa, itaota tena. Majani inaotaka tu."

Angekuwa amefanya kwa ubaya, ningejua la kumwambia. Lakini mwanamke wa umri ule ameinama siku nzima ili nisiaibike mbele ya wageni, utamgombeza vipi? Niliingia ndani nikasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Sikumuuliza lundo la majani aliyokata alilitupa wapi. Hilo ndilo kosa langu, na mpaka leo linanikera.

Alilitupa upande wa pili wa ua, kwenye malisho ya jirani. Jirani yetu ni mfugaji, mtu mpole, na asubuhi nyingi tunanunua maziwa kwake. Ng'ombe wake walikuwa wanapita karibu na maua yangu kila siku bila kuyagusa. Yakiwa mabichi ni machungu, mnyama anayanusa anaondoka. Yakinyauka ni jambo jingine. Yanakuwa kama nyasi kavu za kawaida, lakini sumu iko pale pale. Mtamba wake mmoja, wa kahawia, mwenye mimba ya kwanza, alilikuta lile lundo baada ya siku mbili za jua.

Jumatatu niliitwa kutoka darasani. Nilipofika, mtamba alikuwa amelala ubavu, tumbo limejaa, anapumua kwa shida. Jirani alikuwa amepiga magoti anamshika kichwa. Mtu wa dawa za mifugo alikuwa ameshafungua mfuko wake na ameshaufunga. Mdomoni mwa ng'ombe kulikuwa na kipande cha kikonyo changu. Nilikitambua kama mtu anavyotambua nguo yake kwa mwingine.

Alikufa kabla ya saa sita.

Jirani hakupiga kelele. Aliinuka, akajipangusa magoti, akaniambia, "Madamu, ile majani yako iko sumu. Ulijua?"

Nilijua. Kwetu kila mtu anajua usiwape mbuzi. "Nilijua, Papa," nikasema. "Njo maana nilizungushia ua."

"Sasa ilifika je huku kwangu?"

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma ya ua, nilikuwa naona kitambaa chake cha kichwa juu ya miti. Nilingoja aseme. Nadhani jirani alifikiri natafuta uongo.

"Ilitoka kwangu," nikasema hatimaye. "Nisamehe, Papa."

Siku ya tatu tuliketi barazani kwa shefu wa lokalite, mkuu wa kijiji chetu. Mama mkwe alikuja pia, akaketi kwenye benchi nyuma yangu. Jirani alieleza taratibu, hakuongeza chumvi. "Siko namuchukia Madamu," alisema. "Lakini mutamba yangu ilikuwa na mimba. Nilikuwa naita ile mimba kwa jina tayari." Watu waliguna kwa huruma. Shefu akanigeukia akauliza nani alikata majani na kuyatupa malishoni. Kwa mara ya pili nikajibu kwamba yalitoka kwangu. Shefu akaamua ndama jike wa kwanza atakayezaliwa na ng'ombe wetu wa pekee, ambaye hajazaa bado, aende kwa jirani, jambo nililoliona la haki, na mimea yote ing'olewe mpaka mizizi kabla ya Jumamosi. Hapo nilijaribu kusema habari ya nyuki na maboga. Wanaume wawili walicheka. Shefu hakucheka, lakini alisema, "Madamu, nyuki haina mwenyewe. Ngombe iko na mwenyewe."

Njiani kurudi sikuweza kunyamaza tena.

"Mama, kwa nini haukusema?"

Aliendelea kutembea. "Ningesema nini? Muzee kama miye asimame mbele ya banaume, aseme ameua ngombe ya jirani? We uko Madamu. Unajuaka kusema."

"Lakini si mimi niliyetupa."

"Na si miye niliyepanda."

Niliongeza mwendo, nikamwacha nyuma.

Ijumaa nilichimba ile sita iliyobaki. Jirani alikuja kushuhudia, kama alivyoagizwa. Alisimama nikichimba, kisha akauliza kama ni kweli nyuki wanaipenda. Nikamwambia ni kweli. Akasema maracuja ya mke wake, yaani pasheni, yanachanua na kuanguka bila kuzaa, miaka miwili sasa. Alitazama mizizi mirefu mikononi mwangu.

"Kule mu korongo, chini ya mawe," alisema, "ngombe hazifikake. Miteremko iko mibaya." Akaongeza haraka, "Si miye nilikuambia."

Nilishuka nayo siku ile ile, nikiteleza kwa makalio nusu ya njia. Mitatu ilishika. Nikachukua mbegu, nikapanda tena. Mvua iliyofuata ardhi ikaporomoka ikachukua nusu, pamoja na kamba niliyokuwa nashukia. Nikapanda upande mwingine. Leo ninayo kumi na miwili, mahali ambapo hakuna anayeiona, na kuifikia ni lazima nivue viatu. Viwavi siwagusi. Kila kikonyo ninachokata nakizika kwa mikono yangu. Nyuki wapo kule chini, lakini kama wanapanda mpaka mashambani kwetu siwezi kujua, na nimechoka kujiuliza. Ndama tulimpeleka. Jirani alimpokea vizuri, ila maziwa sasa wanaleta watu wake, yeye haji tena mwenyewe. Na shuleni mzazi mmoja aliniita Madamu wa sumu, akidhani simsikii.

Wiki iliyopita wale akina mama wa maombi walikuja tena. Mimi nilikuwa jikoni nachambua maharagwe, wao barazani. Nilimsikia mama mkwe akiwaeleza habari ya mtamba kutoka mwanzo, kwa sauti yake nzuri ya kusimulia.

"Nilimwambia muke wa mutoto wangu," alisema, "hii majani iko mubaya, toa. Ni vile tu bavijana habasikiake haraka. Lakini mwisho alinisikia."

"Mungu asifiwe," wakaitikia.

Niliweka ungo chini. Nilifika mpaka mlangoni, mkono ukiwa kwenye pazia. Nikamwona yeye, mdogo kitini pake, miguu haifiki chini vizuri, amefurahi kuwa na wageni. Walinisalimia. Nikawauliza kama wanataka chai, wakasema ndiyo, na mama mkwe akasema yake iwe na sukari nyingi.