Bi Mnong'ono wa Nyuma ya Pazia

Saa kumi na moja jioni, jua linapoingia ukumbini kwa mshazari na kulitia vumbi rangi ya asali, Bi Mnong'ono anakata karatasi.

Anakata taratibu, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto anayechora. Ameshafungua madirisha, ameshafagia jukwaa, ameshabandika birika la chai. Kigoda chake kiko mahali pake, nyuma ya pazia la kushoto. Ndivyo zinavyoanza jioni zake zote za mazoezi.

Mlango unasukumwa. Anaingia mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi, viatu mkononi, uchovu wa zamu machoni.

"Mama mdogo, usijisumbue kukata nyingi," anasema. "Kata za onyesho la Jumamosi tu. Baada ya hapo narudisha ufunguo."

Mkasi unasimama katikati ya karatasi.

"Ufunguo wa wapi?" anauliza Bi Mnong'ono, ingawa ufunguo ni mmoja tu.

"Wa hapa. Nimepata uhamisho, na kundi halina mwenyewe. Tumkumbuke baba vizuri hiyo Jumamosi, halafu tufunge. Au unaonaje?"

Bi Mnong'ono anafungua mdomo. Kisha anaurudisha mkasi kwenye karatasi.

"Haya, mwanangu," anasema, kwa sauti ile ile iliyompa jina.

Kazi yake ni kukumbusha. Mwigizaji akisahau maneno, yeye humtupia kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ndogo kiasi kwamba mtazamaji wa mstari wa mbele hudhani ni upepo. Malipo yake ni nauli na kikombe cha chai. Riziki yake hasa huitafuta mchana, kwenye duka la dobi, anakopiga pasi mashati ya watu wa maofisini huku midomo ikimchezacheza katikati ya mvuke.

"Shati moja, beti moja," anasema akicheka. "Kola ndiyo ngumu. Kola huwa naipa beti ya Kifo, yule wa mchezo wetu."

Aliyemweka kwenye kigoda hicho ni Mwalimu, baba wa yule muuguzi, msomi wa tamthilia za kale aliyefariki mwanzoni mwa mwaka huu.

Mwalimu alizipenda tamthilia zile zilizochezwa viwanjani kabla ya kuwapo taa za umeme, na waliozicheza walikuwa maseremala na waoka mikate. Kwa hiyo naye alikusanya watu wa kazi: fundi bomba, muuza viatu, wanafunzi wachache, na binti yake kila zamu ilipomruhusu.

Aliwafundisha kwa mtindo wa kale. Hakuna anayepewa mchezo mzima. Kila mmoja hupata ukanda wa karatasi wenye maneno yake tu, pamoja na maneno machache ya mwisho ya anayemtangulia. Mengine lazima ayasubiri kwa masikio.

"Alikuwa akisema, hata maishani hujui mwenzako atasema nini, basi msikilize," anakumbuka Bi Mnong'ono.

Mchezo mzima alikuwa nao mtu mmoja tu, mkumbushaji.

Bi Mnong'ono alifika ukumbini mara ya kwanza akiwa amebeba mavazi ya jukwaani kutoka kwa dobi. Alisimama mlangoni akingoja wamalize. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu mfalme alikwama katikati ya sentensi, na Mwalimu akamwona mama wa pasi akichezesha midomo kwa maneno aliyoyasahau mfalme.

"Akasimamisha mazoezi. Nikajua leo nafukuzwa. Akatoka mbio, akarudi na kigoda kichwani. Profesa mzima, kabeba kigoda kichwani kama chungu! Akakitua, akaniambia, 'Kaa, dada yangu, ulikuwa wapi siku zote?'"

Alipomwambia kwamba yeye ameishia darasa la saba, Mwalimu alijibu, "Mimi pia nilipita hapo."

Wote waliomjua wanasema alikuwa na mkono wazi. Vitabu vyake vilikuwa kama bomba la mtaani, mwenye ndoo na achote. Mwanafunzi akikwama katika utafiti, Mwalimu alimpa wazo alilolilea mwenyewe kwa miaka, kisha akasahau kwamba lilikuwa lake. Bi Mnong'ono naye alifundishwa na Mwalimu Kiswahili cha zamani, neno kwa neno, jioni baada ya jioni, mpaka mashairi ya kale yakawa kwake kama habari za jirani.

Mwaka wake wa mwisho, Mwalimu alikuwa akisinzia kitini, mazoezi yakiendeshwa na mnong'ono. Siku moja alifumbua jicho moja. "Dada yangu," akasema, "kundi hili nakuachia."

Bi Mnong'ono alicheka. Akamwongezea chai.

Siku ya maziko ndipo kundi lilipojulikana mji mzima. Mzungumzaji wa mwisho, mzee mwenye sauti nzito, alimaliza hotuba kwa kusema, "Na sasa, ndugu zangu, twendeni nyumbani."

Maneno hayo hayo ndiyo aliyokuwa akiyangoja fundi bomba kwenye ukanda wake kwa miezi mingi. Kabla akili haijamfikia, maneno yalishamtoka.

"Ngoja, ewe Kifo! Mikate yangu haijaiva!"

Waombolezaji wakageuka. Fundi bomba akaganda, mkono hewani. Na kutoka nyuma ya umati, sauti ndogo ikamtupia mstari unaofuata, kwa mazoea tu.

"Nilitaka ardhi inimeze," anasema Bi Mnong'ono, mkono mdomoni. Binti wa marehemu alicheka huku machozi yakimtiririka, na watu waliokuja kulia wakajikuta wanatabasamu. "Baba angelifurahia hilo kuliko hotuba zote," anasema binti.

Jioni hii wanacheza mchezo huo huo, wa mwoka mikate anayemwomba Kifo amsubiri kidogo. Nuru imepungua. Ukumbi unaelea katika rangi ya samawati, na waigizaji wanaonekana kama watu wanaotembea chini ya maji. Fundi bomba ananyamaza katikati ya beti. Bi Mnong'ono hamtupii kitu. Mwalimu alimfundisha kutofautisha kimya cha kusahau na kimya cha moyo, na hiki anakijua. Kweli, baada ya pumzi tatu, mwoka mikate anaendelea mwenyewe.

Wakimaliza, muuguzi anasimama ukingoni mwa jukwaa, ufunguo kiganjani.

"Basi, Jumamosi ndiyo mwisho wetu. Kuna mwenye neno?"

Hakuna anayejibu. Wanatazama sakafu. Fundi bomba anakunja na kukunjua ukanda wake. Nyuma ya pazia, Bi Mnong'ono anasikiliza kimya hicho, na kinamtisha, kwa sababu safari hii hakuna maneno ya kumtupia mtu. Hakuna aliyesahau. Wote wanangoja.

Pazia linatikisika. Anatokea, kitambaa cha kichwa kimelegea, mikono haijui pa kukaa. Watu wengine hapa hawajawahi kumwona akiwa amesimama jukwaani.

Anasema kitu.

"Sauti, mama!" fundi bomba anamtania, lakini macho yake yameshalowa. "Sisi wa huku nyuma tunasikia upepo tu!"

Wanacheka. Naye anacheka, anavuta pumzi, anamgeukia binti wa Mwalimu.

"Usirudishe ufunguo, mwanangu," anasema, na ukuta wa mwisho wa ukumbi unamsikia. "Nipe mimi. Baba yako aliniachia kundi hili, nami nalitaka. Nataka kuwafundisha."