Bamba la Karugendo

Karugendo, mume wangu, alikuwa mhunzi wa majembe pale Nshambya, na nyundo yake, msinibishie, ilisikika hadi Rubya. Ndizi za jirani ziliivia mgombani kwa joto la moto wake. Kijiji cha ujamaa kilipoanza wakamtia kwenye kikundi cha kufua majembe ya wote, akafua huku akinung'unika.

Vita vilipofika Kyaka, mwanetu Aroni akapewa lori la kuwapelekea askari maharage. Milango yake bati tupu. Kidole changu kingeitoboa. Karugendo akakata wembe wa greda bovu, chuma kinene, apate bamba la kukinga mlango, akakipika mpaka kikawa chekundu, akakitosa kwenye maji baridi kama atosavyo ncha ya jembe. Kwake yeye chuma kikizidi ugumu ndipo kinazidi uzuri.

Shemeji yangu Rutashobya, mgambo, alikuwa na risasi moja ya kujaribia. Akapiga. Bamba likapasuka vipande vitatu kama chungu. Hakuna aliyecheka, hata mimi.

Lori lilikuwa linaondoka kesho yake. Kwa desturi ya wahunzi mwanamke hakaribii moto wao, basi nikasimama migombani nikamwambia kwamba hata jembe yeye halifanyi gumu lote, ncha tu; kiuno hukiacha laini ndiyo maana halivunjiki. Akaninunia. Lakini nilimwona akisugua mabamba mawili mapya aliyokwisha kuyatosa, akayarudisha motoni polepole kuyapunguzia ugumu, hadi yakapata rangi ya shingo ya njiwa, akayafukia kwenye majivu. Risasi ya kujaribia haikuwepo tena.

Asubuhi akafunga bamba moja kila mlango kwa boliti, kisha akapanda, akakaa upande wa pili wa dereva.

"Tata, shuka," Aroni akamwambia baba yake. "Huko si kwa wazee."

"Nikiogopa kuliegemea mimi niliyelifua, wewe utaliegemeaje?"

Walirudi siku ya tano. Bamba la upande wa baba lilikuwa limebonyea kwa risasi mahali pamoja, ungeweza kulaza yai. Halikupasuka, na Aroni alikuwa mzima. Ila bega la Karugendo lilikuwa limeegemea pale pale, na kishindo kikalivunja. Halikuunga vizuri. Hakufua tena hata kisu.

Hapa siongezi chumvi: kila asubuhi, hadi mzee alipofariki, Aroni alikuja kumwingiza mkono kwenye shati. Walifanya hivyo bila kutazamana.