Sifuri, Sifuri, Mbili

Arlene Lindgren hakuwahi kugombea uenyekiti. Alikwenda chooni tu. Mkutano wa kwanza wa klabu yetu ya pickleball, mchezo kama tenisi ndogo inayopigwa kwa vibao, ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa la Kilutheri, baada ya chakula cha mchana, na mtu mmoja akasema sasa tuchague mwenyekiti. Tukatazamana. Skip Petrakis, ambaye mdomo wake haujui likizo, akauliza, "Nani hayupo?" Arlene alipotoka chooni akijifuta mikono kwenye sketi, akapokewa kwa makofi. Akacheka. Alidhani ni utani wa mwaka mmoja.

Ikawa desturi. Hapa Harlow Point, asiyekuwepo ukumbini ndiye anayebebeshwa cheo, na hakuna rufaa. Basi kila mwaka wazee wazima tunakaa mkutano mzima tumebana mapaja, kahawa ya kanisa inapoa bila kuguswa. Na kwa kuwa hakuna anayethubutu kutoka, Arlene anabaki palepale alipo.

Wakati ule tulikuwa wachache, tukicheza kwenye kiwanja cha tenisi kilichotelekezwa. Mistari tulichora kwa chaki, na mvua ya huku kwetu ikaifuta kila tulipogeuza shingo. Aliyetufundisha ni Vern, mume wa Arlene, fundi boti mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha jirani wa jirani. Katika mchezo huu anayeanzisha mpira lazima kwanza ataje hesabu: pointi zetu, pointi zenu, na kama yeye ni mwanzishaji wa kwanza au wa pili. Kila mchezo mpya huanza na "sifuri, sifuri, mbili." Usiniulize kwa nini mbili, ndivyo tulivyoukuta. Vern alikuwa akiita hesabu mpaka watu waliosubiri feri kule chini wanaijua. Ukimbishia, alikurudishia mchezo wote, mpira kwa mpira, hadi unaomba radhi mwenyewe.

Kisha watu wakaanza kuja. Walikuja majirani, wakaja vijana wa kiwanda cha meli, wakaja manesi kutoka Bremerton wakiwa bado na nguo za zamu. Manispaa ikatupa viwanja sita vizuri, na klabu ikapita watu mia mbili. Kila mtu akasema ni baraka. Ilikuwa baraka kweli, ila baraka hiyo ilikuwa na simu, na simu yenyewe ilikuwa mfukoni mwa Arlene. Bibi Ostrander, ambaye dirisha la jikoni kwake linatazama viwanja, alipiga kulalamikia kelele za mipira. Watu wa tenisi walipiga kudai kiwanja chao. Wageni walilalamika kwamba wenyeji wanawabagua, na wenyeji wakalalamika kwamba wageni hawajui kucheza. Mimi nilipiga kulalamikia wote. Nimefanya kazi posta miaka mingi, nimezoea kufikisha malalamiko.

Watu wakaanza kupigana maneno kuhusu hesabu, hata wasiocheza wakiropoka kutoka nje ya uzio. Arlene akaweka sheria, akaipaka rangi kwenye ubao wa getini kwa mkono wake mwenyewe: hesabu ni ya anayeanzisha na waliomo uwanjani, aliye nje hana neno. Ugomvi ukapungua.

Kitu kimoja tu hakukiwekea sheria, nacho kilikuwa kibao chake cha kupigia mpira. Kwetu ukitaka kucheza unapanga kibao chako kwenye foleni iliyopo uzioni. Mchezo ukifika kumi na moja, wanne wanatoka, vibao vinne vya mbele vinaingia. Kama zamu imefika na wewe hupo, kibao chako kinarudishwa nyuma. Nilikuwa nakiona kibao cha Arlene, cha kijani, kikisogea mpaka mbele, halafu kinarudishwa nyuma kwa sababu mwenyewe yuko getini anambembeleza mtu. Kikisogea tena, kinarudishwa tena. Jioni anakichukua kikiwa hakijagusa mpira.

Halafu hesabu ikaanza kumponyoka Vern.

Mwanzoni tulicheka. Vern kusahau hesabu! Lakini siku moja alisimama na mpira mkononi, akatutazama mmoja mmoja, na nikaona hatafuti hesabu tu, anatafuta na sisi ni akina nani. Hatukucheka tena. Tukawa tunamnong'oneza, naye anaita kwa sauti ileile kubwa, na mchezo unaendelea. Alikuwa bado anacheza vizuri ajabu.

Mwezi wa tatu nilikuwa kwenye banda la vifaa namsaidia Arlene kufumua wavu uliojinyonga. Akaniambia bila kuinua uso, "Boyd, unajua mara ya mwisho nimecheza na Vern ni lini?"

"Wiki iliyopita?"

"Kabla ya Krismasi. Tena nusu mchezo. Nikaitwa, kuna mtu kaziba geti la Ostrander kwa gari lake."

"Si umpe Skip?"

"Skip!" Alicheka, lakini si kicheko cha furaha. "Skip ukimpa ufunguo atakurudishia mlango."

Akaendelea kufumua. "Daktari anasema mwili wake utaukumbuka mchezo baada ya kichwa kusahau. Ila si kwa muda mrefu. Labda kiangazi hiki. Nataka nicheze na mume wangu, Boyd, angali anajua aliye pembeni yake ni mimi. Sitaki kingine."

"Basi tupa hizo funguo za klabu, uondoke. Utafungwa?"

"Manispaa wameshasema, klabu isiyo na mwenyekiti haina viwanja. Watarudisha tenisi. Sasa nikiondoka, Vern atacheza wapi?"

Alikuwa amebanwa pande zote, na aliyembana ni sisi, watu wema wote, tunaomletea biskuti.

Mkutano ukafika. Chakula kilikuwa kilekile, viazi vya jibini na pai za tufaha, na ukumbi ulijaa mpaka vijana wakaketi sakafuni. Arlene alisimama akasema, "Mwaka huu simo. Tafadhalini. Natafuta mtu mmoja tu."

Skip akakagua viatu vyake kama anataka kuvinunua. Manesi wakatazamana. Mimi nikatazama dirishani, mvua inanyesha, na nikajiambia mtu atajitokeza. Arlene alisubiri. Alitazama safu hadi safu, na kila alipotazama vichwa viliinama.

Mkono mmoja ukainuka. Ulikuwa wa Vern.

"Mimi nampendekeza mke wangu," alisema kwa sauti yake ya uwanjani. "Arlene. Huyu hajawahi kupewa nafasi, lakini mpeni muone. Ana akili kuliko sisi wote humu."

Ukumbi ukalipuka makofi. Yalikuwa makofi ya watu waliopona. Vern akamgeukia mkewe, uso unang'aa. "Umeona, mpenzi? Wanakupenda."

Arlene alimtazama. Nilidhani atalia au atatutukana, na kutukanwa tulistahili. Akamrekebisha kola ya shati. "Asante, Vern," akasema, na akaketi.

Nimeishi na hasira maisha yangu yote, nazijua za kila aina, lakini ile ilinipanda kutoka miguuni. Niliwachukia wote mle ndani, na mimi nikiwa wa kwanza. Nikasimama. Kiti kililia, watu wakageuka.

"Boyd, vipi?" Skip akauliza.

"Naenda chooni."

Makofi yakakatika. Mtu mmoja akaangusha uma.

"Kaa chini, bwana wee," Skip akasema taratibu. "Umesahau ni mkutano?"

"Nina miaka sabini na sita, Skip. Chooni najua ninakwenda kufanya nini."

Nikatembea katikati ya viti vyote vile, nikaingia, nikafunga mlango. Sikuwa hata na haja. Nilisimama mbele ya kioo namtazama mzee mwenye sura mbaya, nikamwambia, mjinga wewe. Kisha nikasikia makofi kupitia ukutani, nikajua cheo ni changu.

Nilipotoka, Arlene alikuwa mlangoni na lile rundo la funguo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umenawa mikono?"

"Nimenawa."

"Haya, shika."

Tangu hapo simu ni yangu. Bibi Ostrander ananijua hata ninavyopumua. Nikiweka kibao changu kwenye foleni, kinasogea mpaka mbele na kinarudishwa nyuma. Mara nyingine natamani kumfuata Arlene nimwambie nilitania.

Jumamosi ya kwanza ya jua kiangazi hiki watu walijaa, vibao vimepangana uzio mzima. Arlene na Vern walikuwa uwanja wa pili, wanacheza na manesi wawili. Ilikuwa nane kwa sita. Vern akaokota mpira, akasimama kwenye mstari. Akautazama mpira. Arlene akafungua mdomo amnong'oneze, lakini yeye akawahi, kwa sauti ya zamani, sauti ya kufika kwenye feri:

"Sifuri, sifuri, mbili!"

Nesi mmoja akamtazama mwenzake. Halafu akakunja magoti, akainua kibao. "Haya, mzee, anzisha."

Wakacheza upya. Arlene alikuwa anakimbia kama msichana, nywele zimemfumuka, na Vern anamcheka kila anapokosa. Wakafika tisa, na Vern akaita tena, "Sifuri, sifuri, mbili!" Wakaanza tena, na hakuna aliyelalamika, si upande huu wala ule.

Aliyelalamika ni Skip. Alikuja na foleni nzima nyuma yake.

"Mwenyekiti! Wale wako ndani tangu asubuhi. Nimesikia kwa masikio yangu, walikuwa nane kwa sita, wakawa tisa. Wengine tutacheza lini? Watoe!"

Wote walinitazama. Nami nikatazama ubao wa getini, maandishi ya Arlene yaliyoanza kubanduka, kisha nikamtazama yeye kule ndani, ameinama pembeni ya mumewe akisubiri mpira.

"Hesabu umeisikia, Skip," nikamwambia. "Mchezo ndio kwanza unaanza."