Kiwanja Tulichokichimba

Watu wa kwetu wana majibu matatu ukiwauliza kwa nini timu yetu ilikufa na ile ya ng'ambo ya bonde ikapanda. Wa kwanza watakuambia tulirogwa. Wa pili watasema vijana walikimbilia rashi, yaani dhahabu ilipotoka mahali pengine, kila mwenye miguu akaenda. Wa tatu, hasa wanaoshinda kwenye benchi la kahawa, huwalaumu makocha. Mimi nilikuwa katibu wa timu ile kwa miaka tisa na nina jibu la nne, ambalo silipendi kwa sababu mkono wangu umo ndani yake. Majina sitayataja, ya timu wala ya kijiji. Wengine watadhani ni adabu.

Ni ukanda wa dhahabu wa Geita, si mbali sana na Rwamgasa. Hiyo inatosha. Mimi ni fundi cherehani. Nilipewa ukatibu kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na kwa sababu jezi zilikuwa zikichanika kila wiki, hivyo kamati ikaona ni busara fundi awe mwenzao ili azishone bila kunung'unika. Isitoshe, kocha wa timu alikuwa baba yangu.

Baba alifundisha shule za msingi maisha yake yote, kwanza Maganzo kule kwenye almasi, halafu hapa kwetu. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata mama yangu. Alikuwa na kanuni chache na hakuzirudia mara mbili. Alipohamia hapa, kiwanja cha mpira kilikuwa mteremko wa changarawe wenye visiki viwili katikati, na mchezaji akianguka aliinuka na ngozi pungufu.

Kwetu mawe yenye dhahabu husagwa kwenye karasha mpaka yawe unga. Unga huo huoshwa kwa maji juu ya magunia yanayonasa dhahabu, na mchanga unaobaki ndio tunaouita marudio. Siku hizo marudio yalikuwa takataka. Yalirundikana nyuma ya karasha kama pumba nyuma ya mashine ya mpunga, na mwenye karasha alishukuru akipata wa kumwondolea. Baba aliyatazama marundo yale akaona kiwanja. Akaweka kanuni: kila mchezaji aje mazoezini na toroli moja ya marudio, na asiyekuja nayo hagusi mpira. Mashabiki nao wakaingia. Wanawake waliokuwa wakiponda mawe kule karasha wakawa wanapitisha ndoo moja moja wakirudi nyumbani. Kazi ilichukua miaka minne. Kama mchanga ule ulikuwa na zebaki, ile sumu ya kukamatia dhahabu, na bila shaka ulikuwa nayo, hakuna aliyeuliza.

Kikawa kiwanja cha kijivu, tambarare, ambacho mvua ikinyesha asubuhi mchana unacheza. Mpira ulikwenda ulikotumwa. Vijana wetu wakazoea pasi fupi za chini, na timu ngeni, zilizozoea kupiga mpira juu na kuukimbilia, zilikuja kwetu zikapotea. Tukachukua ubingwa wa wilaya mara mbili mfululizo. Watu walisema tuna vipaji, na sisi tukakubali, maana ni nani anayekataa kusifiwa.

Timu ya ng'ambo ya bonde ilitoka kwenye kijiji cha mpunga na ng'ombe. Walikuja kwa baiskeli, wawili wawili, jezi za rangi tatu tofauti. Kiwanja chao kilikuwa udongo mweusi wa mbuga: kiangazi unapasuka mpaka unameza kiatu, masika unameza mpira. Tuliwafunga kila mwaka. Mashabiki wetu walikuwa wakiwapokea kwa kuwauliza kama wameshafungia ndama, nao walicheka kwa heshima, wakafungwa, wakapanda baiskeli zao wakaenda kukamua.

Halafu yakaja matangi. Akatokea mfanyabiashara mmoja aliyejua kuyachenjua marudio upya kwa dawa ndani ya matangi hayo, akatoa dhahabu ambayo magunia yetu yaliiacha ipite. Ndani ya msimu mmoja takataka ikawa mali. Marundo yaliyokuwa yanachezewa na kuku yakawekewa mlinzi mwenye rungu. Yalipoanza kuadimika, mfanyabiashara yule akaomba kikao na kamati yetu. Tulikutana katika darasa la nne. Aliweka juu ya dawati kopo la mchanga, akasema ameuchota katika kumi na nane yetu, upande wa goli la kusini, na ameshaupima.

Alitaka anunue kiwanja. Siyo ardhi, alisema, mchanga wa juu tu. Angetupa jezi seti mbili, basi dogo la kuazima la kusafiria, wachezaji sita kutoka Mwanza, na ndani ya mwezi mmoja angemwaga udongo mwingine mzuri kuliko ule. Wajumbe waliinamia kopo lile mmoja baada ya mwingine kana kwamba wangeweza kuiona dhahabu kwa macho.

Baba aliomba nafasi. "Maganzo nilimwona mtu amechimba sakafu ya chumba anacholala, kitanda kikiwa juu yake," alisema. "Akapata kijiwe cha almasi. Akachimba na jiko. Mvua ilipokuja nyumba ikaanguka, na bado alisema amefaidika. Nyie mkiuza hiki, mtacheza wapi?"

Wajumbe walicheka. Mwenyekiti akasema, bagosha, wanaume wenzangu, tusipoteze muda, anayekubali anyooshe mkono. Nilikuwa naandika. Niliweka kalamu chini nikanyoosha.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na majibu ninayoyapata hayanipendezi. Nilikuwa nimechoka kushona viraka juu ya viraka. Nilitaka kuona vijana wetu wakishuka kwenye basi kama timu za mjini. Na la tatu, ambalo ndilo la kweli zaidi: timu ile siku zote ilikuwa ya Mwalimu, na mimi nilikuwa binti wa Mwalimu anayeandika. Siku ile nilitaka niwe mtu mwenye mkono wake. Niliona fahari kuunyoosha, na leo naona aibu.

Mikono iliyopinga ilikuwa miwili, wa baba na wa golikipa wa zamani. Baba hakunitazama kwa hasira. Hilo lingekuwa nafuu. Alisimama, akachukua kofia yake, akasema, "Katibu, andika majina ya wote walionyoosha." Nikayaandika, la kwangu la mwisho.

Malori yalibeba kiwanja kwa siku sita. Mfanyabiashara alichukua kina tulichokubaliana na hakuzidisha. Sina la kumlaumu hapo. Kilichofuata tulikifanya wenyewe. Malori yalipoondoka, watu wakaja na makarai kukwangua masalia. Walipomaliza masalia, mtu mmoja akasema kwamba chini ya duara la katikati kuna mwamba unaofuata mkondo wa dhahabu, na ushahidi wake ulikuwa ndoto ya shemeji yake. Kufikia mwisho wa mwezi kulikuwa na mashimo kumi na moja. Waliochimba ni mashabiki walewale walioleta ndoo za mchanga. Nguzo za magoli ziling'olewa zikawa matimba, yale magogo ya kuzuia kuta za shimo zisiporomoke. Udongo mwingine haukuletwa, maana hapakuwa tena na pa kuumwaga. Kikulacho ki nguoni mwako, na sisi tulikuwa ndani ya nguo kabisa.

Jezi zilikuja, nzuri kweli. Basi lilikuja. Wachezaji sita walikuja na viatu vyao. Tulifanya mazoezi kando ya barabara kuu, kwenye vumbi la malori, na mechi za nyumbani tulicheza kwenye viwanja vya kuazima. Msimu wa kwanza tulikuwa wa nne na tukasema ni bahati mbaya. Msimu wa pili iliposikika rashi upande wa Segese, wale sita walienda Jumatatu na wetu watano wakawafuata Jumanne. Kamati ikamwita mganga. Mganga akasema kuna kitu kimezikwa kwenye kiwanja chetu, tukifukue. Tulikuwa tumeshafukua kila kitu.

Baba hakuwa anakuja tena mazoezini. Tuliishi ua mmoja, nilimpikia, asubuhi nilimwamkia shikamoo naye akaitikia marahaba, ng'wana wane, yaani mwanangu, kama siku zote. Mpira hatukuutaja. Baada ya miezi kadhaa nikagundua kwamba baiskeli yake ilikuwa ikirudi na tope jeusi, na tope jeusi liko upande mmoja tu.

Mengine niliyasikia kwa wateja waliokuja kushonesha. Kijiji cha ng'ambo kilimpa baba kipande cha mwinuko kisicholimwa, pembeni ya majaruba. Akawaambia watasawazisha kwa udongo wa vichuguu, ule mwekundu tunaosiriba nao sakafu. Lakini kabla hawajagusa jembe aliita kijiji kizima, wanaume, wanawake na watoto. Akachota udongo kwenye vichuguu vitatu, akauosha kwenye karai mbele yao wote, polepole, kama wanavyoosha wachimbaji. Kila karai lilipokwisha aliinua uso akasema hamna kitu, akamwaga. Mara tatu. Ndipo akawaambia huu sasa unafaa kuchezea mpira.

Vijana wa kule hulima kwa zamu, leo shamba la huyu kesho la yule, kwa nyimbo. Wasukuma tunakiita kikundi hicho elika. Baba aliichukua elika jinsi ilivyo akaigeuza timu. Asiyefika shambani asubuhi hachezi jioni. Mwaka wa kwanza walifungwa kama kawaida. Mwaka wa pili walitoa sare nyingi. Mwaka wa tatu kila mtu aliyekwenda kwao alirudi akisema mpira unakwenda ulikotumwa, na mimi niliyasikia maneno hayo nikiwa nimeshika mkasi, nikakata kitambaa cha mtu vibaya.

Siku moja baba aliingia dukani kwangu na mfuko. Jezi kumi na nane nyeupe. Akaniomba nizishonee namba, kama mteja yeyote. Nilizishona zote kwa mkono wa makini kuliko ninaoutumia kwa harusi.

Mechi ya mwisho ya msimu ule ilikuwa sisi na wao, kwao. Tulikuwa tumeshashindwa kufika uwanjani mara mbili, na kanuni ya ligi ilikuwa wazi: mara ya tatu timu inafutwa. Basi lilikuwa limesharudishwa kwa mwenyewe. Tulikwenda kwa pikipiki. Nilihesabu wachezaji wetu pale pembeni ya mstari: sita. Wanahitajika angalau saba. Wa saba alipiga simu kusema yuko shimoni Segese na zamu yake haijaisha.

Mwamuzi alisubiri nusu saa. Baba alitoka kwenye benchi la wenyeji akamwomba aongeze robo saa, naye kwa heshima ya Mwalimu akaongeza. Vijana wetu sita walikuwa wameshavaa, wanapasha moto misuli upande wao, wanapigiana pasi fupi za chini. Ule ulikuwa uwanja mwekundu, tambarare, na walionekana wamerudi nyumbani. Sikuweza kuwatazama. Robo saa ikaisha, mwamuzi akaniletea fomu, nikaweka sahihi kwamba timu yangu haikufika.

Nililia, sioni sababu ya kuficha. Baba alikuja akasimama kando yangu mpaka nikamaliza. Halafu akaniomba nitembee naye hadi kona ya mbali, ambako hapakuwa na mtu.

"Karai la tatu lilikuwa na dhahabu," alisema.

Sikumwelewa. Akaeleza kwa sauti ileile aliyofundishia hesabu. Aliiona ikibaki chini maji yalipopungua, akaifunika kwa kidole gumba, akasema hamna kitu, akamwaga. Kijiji kilimwamini kwa sababu ni Mwalimu. Ndio uongo pekee aliowahi kuwaambia watu, na tulikuwa tumesimama juu yake.

Nilimuuliza kwa nini ananiambia mimi, kati ya watu wote.

"Nimezeeka. Lazima abaki mtu mmoja anayejua," alisema. "Na wewe ulishauza kiwanja kimoja." Kisha akaangalia ile fomu mkononi mwangu. "Katibu, hilo usiliandike."

Sasa baba hasikii vizuri na baiskeli yake anaiendesha mtu mwingine. Timu ya ng'ambo iko ligi ya mkoa. Jezi zao nashona mimi. Mwezi uliopita aliingia dukani mgeni mwenye viatu vya vumbi na kopo tupu mkononi, akasema amesikia habari za timu inayopanda huko bondeni, akauliza wanachezea kiwanja cha udongo gani. Nilimwambia ni mbuga, mipasuko mitupu, asijisumbue. Akashukuru akaenda, nami nikaendelea kushona namba saba.