Tulisema ni jina la Umazi lililomgeuza mwanangu nywele

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Humu mimi ni msomaji tu, si mwandishi. Leo naandika kwa sababu kuna jambo linaninyima utulivu, na sitatia chumvi hata punje.

Mimi ni mtu wa Kinango. Nafanya kazi laundry kwenye hoteli moja Diani, nyumbani narudi mara moja kwa mwezi. Mke wangu Nyevu anaishi na mama yangu kule Kinango. Tuna watoto wawili: Umazi, miaka miwili na ushei, na mdogo wake wa miezi sita.

Sasa kwetu, Umazi si jina la hivi hivi. Bibi yangu mzaa baba, aliyeolewa kutoka Msambweni, ndiye aliyekuwa nalo, na kila mtu humkumbuka kwa nywele zake nyekundu. Kisha jina hilo akapewa dada yangu, aliyefariki mdogo kabla mimi sijazaliwa. Naye, wanasema, nywele ziligeuka nyekundu.

Kwa hiyo mwanangu alipoanza kuwa na nywele za rangi ya kutu, ukoo mzima ulifurahi. Mama alinipigia simu: "Jina limeshika!"

Na mimi nilifurahi, siwadanganyi. Nikaweka picha yake iwe wallpaper ya simu. Mashavu ya mviringo, kichwa chekundu. Kila mtu kazini nilimwonyesha.

Mmoja wao ni Pauline, dada wa bara tunayekunja naye mashuka. Amelea watoto wanne.

"Huyu mtoi mlimpaka nini kwa nywele?"

Nikamweleza habari ya jina. Hakucheka.

"Jina haibadilishi nywele, bro. Alizaliwa nazo hivyo?"

Nilikasirika. Nikamwambia mambo ya kwetu hayajui, akaendelea kukunja.

Lakini swali lilibaki kichwani. Nikaanza kurudi nyuma kwenye picha za simu. Siku ya kuzaliwa: nyeusi tii. Siku ya arobaini: nyeusi. Alipotimiza mwaka: nyeusi vilevile.

Wakuu, sikutulia. Nakunja shuka, naliacha katikati, natoa simu. Nakula, naacha sahani, natoa simu. Supervisor akaniuliza mara mbili kama mimi ni mzima. Siku ya tatu nikaomba ruhusa, nikaenda nyumbani.

Umazi hakunikimbilia. Alikuwa ameketi mlangoni, akanitazama tu kama mtu mzima aliyechoka. Nilimpapasa kichwa, nywele kadhaa zikabaki kiganjani. Sikuwa nimevuta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona ghafla?"

"Nataka kumpeleka mtoto kliniki. Nywele zake sizielewi."

Mama akacheka. "Utawaambia wakupe dawa ya jina? Hebu mtazame alivyonona."

Nyevu alikuwa ananyonyesha yule mdogo. Hakuinua macho.

"Hajanona, mama. Amevimba. Wiki ya pili hii hachezi. Niliogopa kusema."

Hapa niwaeleze kitu. Msimu ule mahindi yalikaukia shambani. Umazi alikuwa ameachishwa ziwa mapema kwa sababu ya mimba ya mdogo wake. Asubuhi uji mtupu, jioni sima na mboga kidogo. Mimi nilikuwa nikituma matumizi, lakini hata siku moja sikuuliza mtoto anakula nini. Niliuliza nywele.

Tulikwenda sote wanne na yule mdogo mgongoni. Nesi alibonyeza mguu wa Umazi kwa kidole gumba, akakiondoa. Shimo likabaki. Akamzungushia utepe mkononi, akasoma, akatutazama.

"Huyu ana utapiamlo mkali. Huu si unene, ni maji. Na nywele zimegeuka kwa kukosa chakula cha kutosha. Analazwa sasa hivi."

Nilitoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Walikuwa wakimpa maziwa maalum kidogo kidogo, naye hata kulia hakulia. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Mama alikaa kwenye benchi, akiitazama miguu ya Umazi. Mwishowe akasema, "Dada yako alikuwa na miguu hii hii."

Nikasimama.

"Watu walimsifu. Nami nikasifu. Alipofariki tukasema ni homa."

"Na bibi je?"

"Bibi yako alikuwa akipaka hina, mwanangu. Ya kuficha mvi." Alilisema polepole, kama mtu anayejisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kisha akaniuliza: "Yule wangu angepona?"

Nilisema sijui.

Siku ya tano Umazi alilia kwa hasira kwa sababu kikombe kimeondolewa. Nyevu alicheka huku machozi yakimtoka. Uvimbe ulipokwisha tukaona ukweli: mtoto alikuwa mifupa. Tuliruhusiwa na pakiti za siagi ya karanga ya tiba, na kila wiki alirudishwa kupimwa.

Leo anakimbia. Nywele mpya ni nyeusi, ncha tu ndizo zenye kutu. Pauline nilimwomba msamaha. Alichouliza ni kimoja tu: "Anakula?"

Mama sasa akienda kuchota maji huangalia vichwa vya watoto wa watu na kuwauliza mama zao maswali. Wengine wamemtukana. Haachi.

Nilichojifunza ni kwamba tulipenda hadithi ya jina mpaka tukaacha kumwona mtoto mwenyewe. Sijui ni nyumba ngapi zina hadithi kama yetu. Kama kwenu ipo, iandike hapo chini, hata kama ni ya kunipinga, nitaisoma.

Lakini kama una mtoto ambaye nywele zimegeuka rangi, funga simu umpeleke kliniki kwanza. Comment utaandika ukirudi.